Kibao Kisichoeleweka Ni Hatari Kama Kamba Iliyooza

UKURASA WA USALAMA NA AFYA
Maoni ya mganga msaidizi wa dispensari



Tukizungumza habari za usalama kazini, mara nyingi tunataja kofia, viatu, glavu na kamba. Ni vizuri. Lakini kuna chombo kingine cha usalama ambacho hatukipimi wala hatukikagui, nacho ni maandishi. Kibao kwenye mdomo wa shimo, karatasi kwenye chupa ya dawa, ramani ya njia ya kutokea, alama kwenye bidoni, fishi ya mgonjwa, king'ora: vyote hivi ni vyombo vya kazi. Kamba ikioza tunaitupa. Kibao kisichosomeka kinabaki ukutani miaka mingi, na siku mtu akiumia tunaandika katika ripoti: "Hakufuata maagizo."

Maoni yangu ni haya. Kabla ya kusema mfanyakazi hakufuata maagizo, tuulize kwanza kama maagizo yenyewe yalikuwa yanafuatika. Je, aliweza kuyaona? Aliweza kuyasoma kwa mwanga wa tochi? Yalikuwa katika lugha yake? Yalikuwa mahali pale mkono wake ulipokuwa unafanya kazi, au yalikuwa ofisini, nyuma ya mlango?

ELIMU HII NI NINI?

Huko ng'ambo watu wameifanya jambo hili kuwa kazi ya ufundi kabisa. Mwaka 1976, Mmarekani mmoja aliyesomea uchoraji wa majengo, Richard Saul Wurman, alianza kusema kwamba habari nazo zahitaji mjenzi wake, kama nyumba. Nyumba ina mlango, ina vyumba, na mgeni akiingia anajua upande wa sebule na upande wa jiko. Habari pia zapasa kupangwa hivyo, ili anayezitafuta asipotee.

Mwaka 1988, mtaalamu wa mambo ya akili, Donald Norman, alitoa kitabu juu ya vitu vya kila siku: milango, majiko, mabomba ya maji. Alieleza kwamba watu wengi wakikosea kwa kitu kile kile, tusiseme watu wote ni wajinga. Tukitazame kitu chenyewe. Chukua mlango wenye mpini wa kuvuta, lakini haufunguki mpaka usukumwe. Kila mgeni atauvuta. Unaweza kubandika karatasi "Sukuma", au unaweza kuondoa mpini na kuweka bamba la kusukumia. Bamba halihitaji msomi.

Lakini msifikiri jambo hili ni la wazungu tu. Mama wa hapa Mulekera analijua. Ingia jikoni kwake usiku, umeme umekatika. Anainua mkono na kushika chumvi, si sabuni ya unga. Kwa nini? Chumvi ina mahali pake na kopo lake, na sabuni haikai karibu nayo. Nenda sokoni: wauza mihogo wako pamoja, wauza samaki wa chumvi pamoja, wauza mafuta ya mawese pamoja. Mgeni aliyeshuka gari leo anafika kwenye samaki bila kuuliza watu kumi. Huo ndio upangaji wa habari. Basi kwa nini depo yetu ipangwe vibaya kuliko jiko la mama?

TULIVYOFUNDISHWA NA EBOLA

Hakuna mtu wa Beni au Butembo asiyekumbuka ugonjwa wa Ebola. Ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na ukatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Katika Kivu Kaskazini, Ituri na Kivu Kusini, watu 3,470 waliugua na 2,287 wakafa. Ulirudi tena katika wilaya zetu mwaka 2021.

Sababu za vifo vile ni nyingi: vita, hofu, watu kutoaminiana, wagonjwa kuchelewa. Lakini moja ya sababu inagusa neno letu la leo. Mwanzoni watu walipelekwa mahali pa matibabu penye ua na mahema yaliyofungwa. Ndugu alimwona mgonjwa wake akiingia, hakumwona tena. Waganga waliovaa nguo za kujikinga hawakuonekana uso. Mtu asiyeona kinachofanyika ndani atajaza mwenyewe, na hujaza kwa hofu. Maneno ya redio hayawezi kushinda ukuta.

Kisha likaja jambo ambalo kila mkuu wa kazi apaswa kulijua. Hapa Beni, mwaka 2018, shirika la ALIMA lilitumia chumba cha mgonjwa chenye kuta za plastiki inayopenyeza mwanga, kinachoitwa CUBE. Mganga aliweza kumhudumia mgonjwa kutoka nje kwa kuingiza mikono katika glavu zilizoshonwa ukutani, na ndugu aliweza kusimama nje, akamwona mgonjwa wake, akazungumza naye. Ona namna ukuta ulivyobadilishwa, na habari ikabadilika. Hakuna aliyehitaji kuhubiriwa kwamba ndani hawachukui viungo vya watu. Aliangalia kwa macho yake.

Jambo la pili lilikuwa lugha. Mwaka 2019 shirika la watafsiri, Translators without Borders, liliuliza watu wa Goma juu ya habari za Ebola walizokuwa wakipewa. Likakuta kwamba Kifaransa, na hata Kiswahili sanifu cha vitabu, havikuwafikia wote, hasa kina mama na wazee. Watu walitaka maelezo kamili, si maneno matatu ya amri. Tena wayapate kwa Kiswahili wanachozungumza wao. Tukumbuke neno hilo. Mtu asiyejua Kifaransa si mtoto. Anaweza kuelewa jambo gumu, ukimweleza kwa lugha yake.

SIFURI MOJA TU

Wakati ule ule tulijifunza pia maji ya klori. Maji ya kunawa mikono yana klori ya asilimia 0.05. Maji ya kusafisha vyombo, sakafu na uchafu wa mgonjwa yana asilimia 0.5. Kwenye karatasi tofauti ni sifuri moja ndogo. Kwenye ndoo tofauti ni mara kumi. Ukiosha sakafu kwa maji hafifu, vijidudu vinabaki. Ukinawa mikono kwa maji makali kila siku, ngozi inachubuka, na ngozi iliyochubuka ni mlango wa magonjwa.

Sasa fikirini: ndoo mbili za rangi moja, zimewekwa bega kwa bega, moja imeandikwa 0.05 na nyingine 0.5 kwa kalamu ambayo maji yanaifuta. Je, akikosea mtu, kosa ni lake peke yake? Fundi mwenye akili hategemei sifuri. Ataweka ndoo za rangi mbili, atachora mkono kwenye moja na ufagio kwenye nyingine, na atazitenganisha: ya mikono mlangoni, ya sakafu stoo. Hapo hata anayekimbia, hata aliyechoka, hata asiyesoma, hakosei kwa urahisi.

DAWA NYUMBANI

Kina mama, hapa nazungumza nanyi. Katika dispensari tunasema "vidonge viwili mara mbili kwa siku", na mama anaitika "ndiyo". Anaitika kwa heshima. Akifika nyumbani ana watoto wawili wenye malaria na mume mwenye kifua, na mifuko mitatu ya vidonge, ambavyo wengi wetu tunaviita kinini, vyote vyeupe.

Tazameni namna dawa ya Coartem ilivyofungwa. Paketi ya manjano ina vidonge 6, ni ya mtoto wa kilo 5 mpaka chini ya 15. Paketi ya kijani ina vidonge 24, ni ya mtu wa kilo 35 na zaidi. Kila safari ya kumeza ina sehemu yake, na picha zinaonyesha siku ya kwanza, ya pili na ya tatu. Mama akitazama nafasi zilizobaki anajua amefika wapi. Paketi yenyewe inamkumbusha.

Tatizo lingine ni saa. Ukiandika "saa 2", anayehesabu saa za Kiswahili atampa mtoto dawa asubuhi. Aliyezoea saa za Kifaransa atampa baada ya adhuhuri. Kati yao ni masaa sita, na wote wawili wamesoma vizuri! Kwa hiyo nashauri tuchore jua linalochomoza kwa asubuhi na mwezi kwa usiku. Halafu tusimwulize mama "umeelewa?" Tumwambie: "Mama, nionyeshe utakavyompa mtoto leo usiku." Akionyesha vizuri, tumeeleza vizuri. Akionyesha vibaya, sisi ndio tueleze upya kwa njia nyingine.

Na hapa naomba jambo moja bila masharti. Asidi ya betri, mazutu, zebaki na dawa ya panya visiwekwe kamwe katika chupa ya soda au ya maji. Chupa ya soda inasema "ninywe". Mtoto hasomi karatasi uliyobandika. Anasoma umbo la chupa.

SHIMONI NA KWENYE MASHINE

Sasa tushuke kazini.

Kwanza, rangi. Rangi za alama za usalama zina maana moja katika nchi nyingi: nyekundu ni marufuku, manjano ni hadhari, buluu ni jambo la lazima, kijani ni njia ya usalama na msaada wa kwanza. Lugha hiyo haihitaji Kifaransa. Lakini inakufa mara tu mtu anapopaka rangi iliyobaki depo. Mlango wa kutokea ukipakwa nyekundu kwa sababu kijani kimekwisha, mmewaambia watu wasipite pale pa kuokokea.

Pili, mahali. Moshi wa mashine ya petroli ya kuvuta maji una hewa ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu. Ikiwashwa ndani ya galeri, inaua watu kabla hawajafahamu kitu, na mara nyingi inaua pia wale wanaoshuka kuwaokoa. Onyo la jambo hili liko wapi? Likiwa katika daftari la ofisini, halina kazi. Liwe juu ya mashine yenyewe, karibu na kamba ya kuwashia, mahali ambapo mkono lazima upite. Tena liseme la kufanya: "Usiiwashe ndani ya shimo. Akianguka mtu, usishuke bila kifaa cha kupumulia, ita waokoaji."

Tatu, ramani ya kutokea. Mpimaji wa mgodi anahitaji ramani yenye kila kona na kila mita. Mtu anayekimbia moshi anahitaji kitu kingine. Mwaka 1933 huko London ilitolewa ramani mpya ya treni za chini ya ardhi, iliyochorwa na Harry Beck, mchoraji wa kazi za umeme. Beck aliacha urefu halisi wa njia. Alinyoosha mistari, akaonyesha mfuatano wa vituo na mahali njia zinapokutana, kwa sababu aliye chini ya ardhi haoni mito wala barabara za juu. Anataka kujua ashuke wapi na abadili wapi. Mchimbaji naye yuko chini ya ardhi. Mchoreeni hivyo: upo hapa, njia panda ya kwanza shika kulia, ya pili endelea mbele, ngazi. Na kwenye kila njia panda kuwe na alama ile ile ya kijani, kwa kimo kile kile, ili hata mkono uweze kuipapasa moshi ukijaa.

Nne, taa na king'ora. Tarehe 28 Machi 1979, katika kituo cha nguvu za nyuklia cha Three Mile Island, Marekani, vali moja ilibaki wazi na maji ya kupoza yakawa yanatoka. Lakini taa mbele ya wafanyakazi iliwaonyesha kama vali imefungwa. Kumbe taa ile ilionyesha tu kwamba amri ya kufunga imetolewa, haikuonyesha vali yenyewe. Wakati huo huo ving'ora zaidi ya mia moja vililia karibu pamoja. Watu wale walikuwa wamefundishwa kazi yao, na bado walifuata njia isiyo sahihi, kwa kuwa vyombo viliwaambia uongo na kelele zikawaziba masikio.

Basi tujiulize: taa ya feni inaonyesha kwamba feni inazunguka, au inaonyesha tu kwamba swichi imewashwa? King'ora cha baruti na king'ora cha kutoka shimoni, je, mfanyakazi wa juma la kwanza anaweza kuvitofautisha?

Tano, sanduku la msaada wa kwanza. Sanduku lililopangwa kwa alfabeti ni zuri kwa mtu wa hesabu ya mali. Mwenye damu inayotoka hatafuti herufi B. Lipangwe kwa jambo linalotokea: la damu, la kuungua, la macho, la kuvunjika. La damu liwe juu kabisa, kwa sababu damu haingoji.

WANAOPINGA

Najua wapo watakaosema: "Mambo haya ni ya kubembeleza watu. Wafundisheni wafanyakazi, yatosha." Mafunzo ni lazima, siyakatai. Lakini mafunzo yanakaa kichwani, na kichwa kina hofu, usingizi na njaa. Mtu wa ekipi ya usiku, saa ya mwisho kabla ya kutoka, si mtu yule aliyekaa darasani asubuhi amekunywa chai. Tena kuna mgeni, kuna kibarua wa siku moja, kuna mwokoaji kutoka nje. Hao hawakuwa darasani. Kibao kizuri kinamfundisha kila apitaye, kila siku.

Wengine watasema: "Lugha ya kazi ni Kifaransa, sheria imeandikwa hivyo." Sawa, Kifaransa kibaki. Lakini kibao kina nafasi ya mistari miwili. Mstari wa kwanza uwe Kiswahili chetu cha hapa, na inapohitajika Kinande, pamoja na picha. Mkaguzi atasoma Kifaransa chini yake. Mkaguzi hana haraka. Anayekimbia ana haraka.

Wengine nao watauliza gharama. Kopo la rangi, ubao, na saa moja ya kuwasikiliza wafanyakazi. Linganisheni na mguu mmoja uliokatwa, au na mjane mmoja mwenye watoto watano.

NINAOMBA NINI?

Kwa wakuu wa kazi: kila kibao kipya kijaribiwe kabla ya kupigiliwa misumari. Mtaalamu Jakob Nielsen aliandika mwaka 2000 kwamba kujaribu kitu kwa watu watano tu kunatosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro zake. Watu watano tunao! Chukueni watano wapya kabisa, si makapita. Zimeni taa, wapeni tochi, waonyesheni kibao, mwulizeni kila mmoja peke yake: "Kinakuambia ufanye nini?" Wawili wakikosea, msiwacheke. Rudisheni kibao kwa fundi.

Kila ripoti ya ajali iongezwe swali moja: "Chombo au maandishi aliyotumia yalimwonyesha nini wakati ule?" Swali hilo halimwondolei mvivu lawama yake. Linatuzuia tu kumfukuza mtu na kuacha mtego pale pale ukimngoja mwenzake.

Kwa wafanyakazi: ukiona alama usiyoielewa, sema. Si aibu. Usipoielewa wewe, wako wengine wanaoitikia "ndiyo" kama wewe. Usifunike kibao kwa koti lako, wala usihamishe sanduku la msaada wa kwanza ili upate mahali pa kukalia. Kitu cha kuokolea kikae mahali pake siku zote, ili mkono ukikute gizani.

Kwa kina mama: leo jioni tazameni nyumba. Dawa ziko wapi, na sumu iko wapi? Je, mtoto mkubwa mliyemwachia wadogo anaweza kuzitofautisha mkiwa sokoni? Mkiona dawa tulizowapa hazieleweki, rudini dispensari mtuambie. Mnatusaidia kazi.

Na sisi wa dispensari tuna sehemu yetu. Milango ichorwe picha: mama na mtoto, jicho, sindano, dawa. Mgonjwa mwenye homa asipange mstari saa nzima kisha aambiwe mstari wake ni ule mwingine.

Jirani akianguka mara mbili kwenye shimo moja la njia, hatumfundishi kutembea. Tunafukia shimo. Tufanye hivyo hivyo na vibao, chupa na ving'ora vyetu.